Fundi Husimama Mlangoni

Kila mtu alimwita Pimamaji. Mchungaji alimwita hivyo, na hata watoto wa jirani, ambao hawakujua kwamba pimamaji ni kile kifaa cha fundi chenye kiputo cha hewa kinachotembea ndani ya kioo. Ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia kwenye vigae. Alipanga vigae vya mabafu, vya majiko, vya maduka na vya korido ndefu ambazo ukisimama mwanzo huoni mwisho. Kazi yote hiyo aliifanya kwa magoti.

Mke wake, Mungu amlaze pema, alizoea kumtania. "Ungekuwa unasali kila unapopiga magoti, mume wangu, ungeshakuwa mtakatifu zamani. Tungekuwashia taa."

Jibu la Pimamaji halikubadilika. "Nashinda nimepiga magoti mchana kutwa, na Mungu ananiona. Nikirudi nyumbani aniache nilale."

Basi alilala. Kila alfajiri mkewe aliteremka kitandani upande wa dirisha, akapiga magoti kwenye kizulia kilichokatwa kutoka zulia kubwa la sebuleni, akaanza kutaja watu. Hakuwa na maneno mengi. Alimtaja binti yao, kijana wao aliyekuwa akifanya kazi mbali, wajukuu, kaka yake dereva wa malori, na jirani wa ukuta wa pili ambaye walikuwa hawasalimiani. Wa mwisho kutajwa alikuwa mumewe, daima kwa maneno yale yale: "Na huyu aliyelala nyuma yangu akijifanya hasikii. Amina."

Mama huyo alipofariki nyumba ilijaa watu, kisha watu wakaondoka. Alfajiri iliyofuata Pimamaji aliamshwa na ukimya. Alikaa kitandani akitazama kile kizulia, na wazo likamjia kwamba watu wote wale wamebaki bila wa kuwataja. Akashusha miguu, akashika ukingo wa godoro, akajaribu kukunja magoti. Magoti yalikataa katikati ya safari. Maumivu yalimpanda hadi kwenye nyonga, akarudi kitandani kwa kishindo, akakaa hapo akihema kama mtu aliyekimbizwa.

Alimweleza mchungaji. Mchungaji alikuwa mtu mpole, akamjibu kwa upole. "Mzee wangu, Mungu anasikia hata ukikaa kwenye kiti. Hata ukilala."

"Najua anasikia, mchungaji. Asiyesikia ni mimi."

Alikuwa amejaribu kiti. Alikaa akafumba macho na kuanza na binti yake, lakini kabla hajafika kwa wajukuu akajikuta anawazia bomba la bafuni linalovuja. Kwenye kiti alikuwa mzee anayesubiri chai. Alitaka kushuka pale aliposhuka mkewe, aseme aliyoyasema mkewe, kisha asimame mwenyewe bila kuita mtu. Hakutaka zaidi ya hapo.

Binti yake, ambaye alikuwa muuzaji wa duka la dawa na aliishi naye pamoja na watoto wake, alimpeleka kwenye kituo kimoja chenye mazoezi ya wazee. Pale palikuwa na makundi mawili. Kundi la maji lilifanya mazoezi ndani ya bwawa la kuogelea lenye kina cha kifuani. Kundi la nchi kavu lilifanya ukumbini, kwenye viti, ngazi ndogo za mbao na mipira ya kuvuta. Msimamizi wa yote mawili alikuwa mtaalamu wa viungo, dada mmoja mrefu mwenye filimbi shingoni ambaye wazee wote walimwita Mwalimu.

Mwalimu aliyabonyeza magoti ya Pimamaji, akayakunja, akayasikiliza yakilia. "Baba, haya tuyapeleke majini kwanza. Maji yatakubeba, magoti yafanye kazi bila kulemewa na mwili."

"Mimi sisali majini, mwanangu."

"Najua. Lakini ukianza ukumbini leo, kesho hutatoka kitandani."

Ukumbini tayari alikuwapo mtu anayemjua, yule shemeji yake, dereva mstaafu. Miguu ya shemeji ilikuwa salama ila mgongo ulikuwa umechakaa kwa kukaa nyuma ya usukani. Aliposikia kwamba Pimamaji kapelekwa bwawani alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe umeletwa kupima maji. Na kaptura wamekupa?"

"Wewe endelea kucheza na viti, shemeji. Umri wako wote umekaa, na hapa umekuja kufundishwa kukaa."

"Nafundishwa kusimama. Wewe unafundishwa kuelea kama gogo."

Kwa kweli maji yalimshangaza Pimamaji. Siku ya kwanza aliingia akishikilia chuma kwa mikono miwili, uso umekunjamana, akijiandaa kuumia. Maumivu hayakuja. Alitembea kwenda na kurudi, maji yakimsukuma kifua, akainua goti moja kisha jingine. Aliokuwa nao walikuwa wazee wenzake, wengine wanene, wengine wakavu kama fito, na wote mle majini walikuwa na uzito mmoja. Mwalimu alisimama ukingoni, akapiga filimbi, akawaambia wasukume maboya chini, wayaachie, wayasukume tena. Pumzi ilimpanda, lakini ilikuwa pumzi ya kazi, ile aliyokuwa ameisahau.

Wiki zilivyokwenda, alianza kulala vizuri. Ngazi za nyumbani alizipanda bila kutulia katikati. Na siku moja, pale upande wa kina kifupi penye vidato vya kushukia, alikunja magoti polepole, maji yakamfika kidevuni, na magoti yakagusa sakafu ya bwawa. Alikaa pale. Halafu akasimama, moja kwa moja, kama kijana wa kubeba saruji. Alishuka tena, akasimama tena. Mama mmoja mnene aliyekuwa karibu naye alimwuliza kama kapoteza pete.

"Nimepata kitu," alisema Pimamaji.

Furaha hiyo iliishia kwenye ngazi ya kutokea. Kila aliposhika vyuma na kuanza kupanda, maji yalimwachia kiungo kwa kiungo, na alipofika juu alikuwa amebebeshwa mwili wake mwenyewe kama gunia la saruji lililolowa. Lakini hakulijali hilo. Alichojua ni kwamba magoti yamekunjika na yamenyooka.

Alfajiri iliyofuata hakungoja. Aliteremka upande wa dirisha, akashika ukingo wa godoro, akashuka. Safari hii magoti hayakukataa. Yaliuma, lakini yalifika kwenye kizulia. Alishusha pumzi. Akafungua mdomo aanze na binti yake, na papo hapo likamjia wazo: kwanza nihakikishe naweza kusimama, ndipo nisali kwa amani.

Hakuweza. Alikanyagisha mguu mmoja, paja likatetemeka, akarudi chini. Alishika godoro, nalo likabonyea na kumfuata. Kitanda kilikuwa mbele, ukuta ubavuni, na vigae chini, vigae alivyovipanga mwenyewe, vigumu na vya baridi, vikimchoma magoti pande zote za kizulia. Alihangaika hadi jua likapanda, ndipo akakubali kuita. Binti yake alikuwa ameshatoka kwenda dukani, na watoto walikuwa wameshakwenda shule.

Akabaki pale hadi mchana. Binti aliporudi kumpashia baba yake chakula, alimkuta amelaza kichwa kwenye godoro, magoti bado chini, macho makavu.

"Baba. Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Niinue."

Alimwinua, akamkalisha, akamkanda kwa maji ya moto. Kisha, kwa kutafuta la kumtuliza, akasema, "Angalau umesali."

"Sijasali neno," alisema Pimamaji. "Nilikuwa nimekasirika."

Hilo ndilo lililomkera kuliko maumivu. Alikuwa amefika mahali alipopataka, amepiga magoti asubuhi nzima, muda ambao mkewe angewataja watu wa mtaa mzima na kuwarudia, na yeye hakumtaja hata mmoja.

Siku ya mazoezi alikwenda kituoni bila kaptura wala taulo. Alimkuta Mwalimu akijaza maboya upepo.

"Mwalimu, maji yako ni ya uongo."

Mwalimu aliweka boya chini. "Yamekufanya nini, baba?"

"Yamenidanganya. Mle ndani nasimama kama askari. Nyumbani nimekwama kama msumari. Mngeniambia mapema kwamba kazi inafanywa na maji na siyo mimi."

"Nilikuambia yatakubeba."

"Ulisema yatanibeba. Hukusema yatanishusha njiani."

Mwalimu alitabasamu, kisha akaacha alipoona kwamba mzee hatanii. Akamwelezea, naye Pimamaji akasikiliza huku akitazama pembeni. Maji yalikuwa yamempa pumzi, yamelainisha viungo, yamemwondolea hofu ya kuanguka. Lakini maji hayamdai mtu uzito wake. Kuinuka kutoka sakafuni ni kazi ya mapaja kubeba mwili mzima, na kazi hiyo hufunzwa penye sakafu. "Siyo kwamba hili ni zuri na lile ni baya, baba. Kila moja linafundisha lake. Tutakwenda ukumbini, lakini pole pole, na bwawa usiliache."

"Bwawa basi. Nipeleke ukumbini."

"Baba, usiliache lote kwa mara moja."

"Nipeleke ukumbini, Mwalimu."

Ukumbini alipokelewa na shemeji yake, ambaye alimwandalia kiti kama anayempokea mkwe.

"Karibu nchi kavu. Nguo zimekauka?"

Zoezi la kwanza lilikuwa kukaa na kusimama bila kutumia mikono. Shemeji alipanda na kushuka kama pampu. Pimamaji alijaribu, akajikuta mikono imeshashika kiti kabla hajaiamuru. Alijaribu tena, akanyanyuka kidogo na kuanguka kitini. Ngazi ya mbao ilimtoa jasho. Usiku huo goti la kulia lilivimba, na kesho yake alikuwa hawezi hata kwenda bafuni bila kushikwa. Mwalimu aliyajua hayo, akampa mapumziko, na alipomwambia mara ya pili kwamba bwawa litamsaidia kupunguza uvimbe, Pimamaji hakubisha tena. Akawa mtu wa pande zote mbili, leo majini, keshokutwa ukumbini, na kote alikuwa mtu wa mwisho. Majini wenzake walishafika mazoezi ya kuruka. Ukumbini shemeji alikuwa amepewa vyuma vya kushika mikononi.

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda hivyo. Yeye mwenyewe hakuona maendeleo yoyote. Binti yake ndiye aliyeona kwamba baba hashiki tena meza anapoinuka, lakini alipomwambia alijibiwa, "Meza si sakafu."

Alfajiri alikaa kitandani upande wa dirisha, miguu ikikigusa kizulia, akajaribu kutaja watu kwa kukaa. Akafika kwa wajukuu, akapotea. Akawa anamwambia Mungu maneno ambayo mchungaji asingependa kuyasikia: kwamba magoti haya yalifanya kazi ya kila mtu miaka yote, na siku yalipohitajika kwa kazi ya mwenyewe yamegoma, na je, hiyo ni haki? Alivaa viatu, akaenda mazoezini.

Ikafika siku Mwalimu akatandika godoro jembamba katikati ya ukumbi na kuwaambia kwamba leo watajifunza kuinuka kutoka chini. Kiti kiliwekwa kando. Mtu ashuke kwa magoti, aweke mikono kwenye kiti, apeleke mguu mmoja mbele, asukume. Shemeji alilalamika mgongo, lakini alifanya, akapigiwa makofi.

Zamu ya Pimamaji ilipofika, wote waliacha mazoezi wakamtazama, maana walikuwa wameshasikia habari ya asubuhi ile aliyokwama. Alishuka. Akaweka mikono kwenye kiti, akapeleka mguu mbele, akasukuma, na kiti kikateleza. Mwalimu akakishika. Akasukuma tena, nusu ya njia akasita, akarudi chini.

"Jaribu tena, baba. Ulikaribia."

Akajaribu tena, akarudi tena chini.

"Shemeji, fikiria uko majini," alisema shemeji. Safari hii hakuwa anatania, lakini ilisikika kama utani.

"Niacheni," alisema Pimamaji. "Niacheni, naondoka."

Akaanza kuondoka. Alikuwa na hasira kiasi kwamba hakukumbuka kuwa yuko chini. Aliteremka kwenye lile godoro kwa kinyumenyume, goti hili, goti lile, mkono mmoja ukigusa sakafu mbele yake kama unaolainisha kitu, akarudi nyuma mstari kwa mstari akinung'unika, hadi kisigino chake kilipogusa kizingiti. Bila kugeuka alipeleka mkono wa kushoto nyuma, ukaikuta fremu ya mlango. Akaishika, akakanyaga, akanyanyuka. Alikung'uta suruali, akageuka aende zake.

Kisha shemeji akaita kwa sauti ndogo, "Shemeji."

"Nini tena?"

"Umesimama."

Pimamaji alijitazama miguu. Alitazama fremu, akatazama godoro kule katikati. Mwalimu alikuwa ameacha mdomo wazi, filimbi ikining'inia.

"Umefanyaje hapo, baba?"

"Nimefanyaje nini? Hivi ndivyo fundi anavyotoka." Sauti yake bado ilikuwa na ugomvi. "Unaanza ukuta wa mbali, unarudi nyuma kuelekea mlangoni. Utasimamaje katikati? Katikati ni vigae vibichi. Ukivikanyaga umeharibu kazi ya siku nzima. Fundi husimama mlangoni."

"Siku zote?"

Akafikiri. Alipitia vyumba, mabafu, korido. "Siku zote," alisema polepole. "Sijawahi kusimama katikati ya chumba maishani mwangu."

Mwalimu alicheka, akajishika kichwa. "Mimi nakufundisha kufanya kitu ambacho mwili wako umekatazwa ujana mzima." Lakini alimkalisha kitini na kumkumbusha kwamba mlango tu usingetosha. Mlango wa nyumbani ulikuwapo hata siku ile aliyokwama. Bila bwawa magoti yasingekunjika, na bila viti vile alivyovitukana mapaja yasingemnyanyua.

Jioni, binti yake aliposimuliwa, alifurahi na kutoa dawa ya haraka. "Basi kazi imekwisha. Tuhamishe kizulia cha mama, tukiweke mlangoni. Usali hapo, ushike fremu, usimame."

"Hapana."

"Baba, ni hatua chache tu."

"Mama yako hakukaa mlangoni. Alikaa dirishani."

"Lakini mama mwenyewe asingejali."

"Najali mimi." Kisha, kwa sauti ya chini, "Kizulia hicho kina alama ya magoti yake. Usikiguse."

Binti alikwenda jikoni akaosha vyombo kwa makelele. Alikuwa na uchovu wa kumwinua mzee huyu, wa kumkanda, wa kukimbia nyumbani mchana akiogopa kumkuta chini. Suluhisho lilikuwa mikononi mwake, na mzee anakataa kwa ajili ya kipande cha zulia.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, Pimamaji alifungua mfuko wake wa kazi uliokuwa chini ya kitanda. Chini ya miiko na nyundo ya mpira alivuta vijigodoro viwili vya magoti, vyenye kamba za kufungia. Mkewe alikuwa amevishona kwa mkono kutoka godoro la zamani, wakati magoti yalipoanza kulia. Hakuwahi kuvivaa. Mafundi wenzake wangemcheka. Sasa alivifunga, fundo la kushoto likimsumbua, akateremka upande wa dirisha.

Alitaja binti yake pale pale, kwenye kizulia. Kisha akarudi nyuma kigae kimoja, akamtaja kijana wao. Kigae kingine, mjukuu mkubwa. Mkono wake ulikuwa unapapasa sakafu mbele yake kila baada ya jina, kama anayehakikisha limekaa sawa na halichezi. Magoti yaliuma hata ndani ya vijigodoro. Kwenye kona ya kitanda alilazimika kutulia, akaghadhibika, akataka kuacha. Akakumbuka kwamba hajamtaja shemeji, na shemeji na mgongo ule anamhitaji mtu. Akamtaja. Akamtaja jirani wa ukuta wa pili kwa shida, ilibidi arudie. Akamtaja Mwalimu, na yule mama mnene wa bwawani. Alipomtaja mkewe alikaa kwenye kigae hicho muda mrefu.

Kisigino kikagusa kizingiti. Akapeleka mkono nyuma, akashika fremu, akakanyaga. Paja likatetemeka, akarudi chini. Alitukana, akaomba radhi hapo hapo. Akashika tena.

Binti yake alikuwa amesimama kwenye korido na aproni yake, mikono ameifunga kifuani kwa nguvu ili isimsaliti. Ukuta wa chumba chake na cha wazazi ulikuwa mwembamba. Alikuwa amekua akiisikia sala ile, aliijua inavyoishia, na alijua kuna mtu ambaye baba yake hangeweza kumtaja.

Pimamaji alinyanyuka nusu, akasita, akaendelea. Akanyooka, kidevu juu, mkono bado umeng'ang'ania ubao.

"Na huyu anayening'inia kwenye fremu," alisema binti nyuma yake, "akijifanya hahitaji mkono. Amina."

Mzee alipangusa uso kwa kiganja kilichojaa vumbi la sakafu.

"Amina," alisema. "Leo ni siku ya maji au ya ukumbi?"

"Ya maji."

"Afadhali. Nitafutie kiti kwanza, magoti yanawaka moto. Na hii sakafu, nani anafagia humu?"